Simu au kinasa sauti, ELAN au FLEx: uchague kipi kuihifadhi lugha ya bibi

Binti wa dada yangu anasoma Dodoma. Bibi yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, yuko Babati na umri umekwenda. Majuzi binti akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Bibi akiongea Kigorowa naelewa, ila kumjibu siwezi. Nina simu na shilingi laki tatu. Nianze na nini?" Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, mistari ikawa kurasa. Swali hilo nimeshaulizwa na Mburunge, nimeulizwa na Msandawe, na kijana mmoja wa Kisuba kutoka upande wa Kenya. Kwa hiyo jibu naliweka hapa, walione na wao.

Kigorowa si lugha ya watu watano. Tuko zaidi ya laki moja, na ukienda mnadani utakisikia. Ila hesabu ya vichwa inapumbaza. Wahadzabe wa bonde la Eyasi ni kama elfu moja tu, na bado watoto wao wengi wanakua wakisema Kihadzabe. Kwetu mzee anamsalimia mjukuu kwa Kigorowa, mjukuu anaitikia kwa Kiswahili, na mzee mwenyewe anahamia Kiswahili ili mazungumzo yaende. Lugha inaanza kuondoka hapo jikoni, watu wakiwa wengi na wazima.

Ikishaondoka, kinachobaki ni kile tu ambacho mtu fulani alikinasa. Kiaasax, ambacho wanaisimu wanakiweka katika ukoo mmoja na lugha yetu, kilimpoteza mzungumzaji wake wa mwisho aliyejulikana mwaka 1976. Kilichosalia hasa ni maandishi ya watafiti. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walihamia Kimaasai katika karne iliyopita. Wajukuu walipotaka kurudisha lugha yao ilibidi wawategemee wazee wachache mno, pamoja na maandishi ya wanaisimu waliopita huko tangu miaka ya 1970. Neno limeandikwa, lakini alivyolitamka bibi hakuna ajuaye.

Kwa hiyo kila kifaa na kila programu nitakayoitaja hapa nimeipima kwa swali moja: mtoto ambaye bado hajazaliwa akilifungua faili hili mwaka 2050, atasikia nini, na ataelewa nini? Bei inakuja baada ya hapo.

Kunasa sauti

Nianze na kosa langu. Mwaka 2016 nilimrekodi mzee mmoja wa kijijini kwetu akinitajia majina ya rangi za ng'ombe. Si nyeusi na nyekundu tu. Kuna jina la mwenye baka jeupe tumboni, la mwenye madoa kama kanga, la mwenye uso mweupe na mwili mwekundu. Nilikuwa na simu peke yake, nimeilaza mezani, ndani, chini ya bati. Dakika ya kumi mvua ikaanza. Mzee hakunyamaza, na mimi niliona aibu kumkatisha. Nina faili la dakika arobaini, na dakika thelathini ni za mvua juu ya bati. Mwaka uliofuata mzee alifariki.

Simu yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa mbali na mdomo na karibu na kelele, na ilikuwa imewekwa kuhifadhi sauti iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa ili faili liwe dogo. Ndiyo maana leo, katika njia tatu zilizo mbele ya mtu wa kawaida, sipendekezi ile ya kwanza kama kuna namna nyingine yoyote.

| | Simu peke yake | Simu na maikrofoni ya kubana kwenye nguo | Kinasa sauti |
|---|---|---|---|
| Gharama ya ziada | hakuna | bei ya kuku wawili | bei ya mbuzi wawili au watatu |
| Saa moja inakula | MB 60 hivi, sauti imebanwa | MB 320 hivi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya njia moja | GB 1 na ushee kwa WAV ya njia mbili, 48 kHz na biti 24 |
| Adui yake | umbali, bati, upepo | waya kulegea, simu kupigwa katikati | betri, na mwenye nacho kutokuwapo |
| Inafaa kwa | dharura | bibi mmoja, hadithi, maswali | ngoma, mkutano, matambiko, watu wengi |

Safu ya katikati ndiyo ninayomwambia binti achukue. Maikrofoni ikibanwa kwenye upindo wa khanga, shubiri moja chini ya kidevu, sauti ya bibi inasimama mbele na jogoo anabaki nyuma. Kisha tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi WAV. Zipo za bure nyingi. Usikubali ile iliyokuja na simu kabla hujafungua mipangilio yake, maana simu nyingi hubana sauti bila kukuuliza. Weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kuanza. Nimeshapoteza mwisho wa hadithi kwa sababu ya simu iliyoingia, na mwisho wa hadithi haurudiwi vilevile.

Kwa nini ning'ang'anie WAV wakati masikio yetu yanasikia vizuri tu hata MP3? Kwa sababu ya lugha zenyewe. Katika Kiiraqw, pacha wa Kigorowa, ng'ombe ni *slee*. Hiyo *sl* si s na l zikifuatana. Ni sauti moja, ulimi umeziba mbele na pumzi inapita ubavuni. Asiyeijua lugha huisikia kama s au kama sh. Kinachotofautisha sauti hizo ni uvumi mwembamba wa juu, na uvumi wa juu ndio wa kwanza kutupwa faili linapobanwa. Kwa Wasandawe na Wahadzabe wenye sauti za kidoko, na kwa Wadahalo wa pwani ya Kenya ambao nao wanazo, mambo ni hayohayo: kidoko ni mpasuko wa muda mfupi sana, ukiharibika hujui tena kilipasukia wapi mdomoni. Mjukuu wa 2050 atataka kujifunza kutamka. Mpe cha kujifunzia.

Kinasa sauti cha mkononi, kama vile vya kampuni za Zoom au Tascam, ni kizuri kuliko simu kwa kila kipimo cha sauti. Lakini nimeona vikundi vinanunua kimoja, kinakaa kwa katibu, katibu anahamia Arusha, kazi imekwisha. Simu iko mfukoni mwa binti kila siku. Kama mpo kikundi chenye ratiba na mtu wa kukitunza, kinunueni. Kama ni wewe na bibi, maikrofoni inatosha, na hela inayobaki nitakuambia uifanyie nini.

Video ni lazima penye mikono: kusuka, kufinyanga, kuchuna ngozi, michezo ya watoto, na bila shaka lugha za alama, ambazo sauti haizisaidii kitu. Kwa hadithi za bibi video ni nyongeza nzuri, ila inakula nafasi vibaya sana na bibi wengi wakiona kamera huanza kuongea kama wako kanisani. Rekodi sauti miezi ya kwanza. Akishazoea, weka video.

WhatsApp: rafiki wa kukusanya, si ghala

Hapa nina ugomvi na vijana wengi, na naomba wanisikilize. Vikundi vya WhatsApp vimefanya kazi ambayo hakuna mradi ungeweza kuifanya. Chukueni Chimiini, lahaja ya Kiswahili ya mji wa Barawa, Somalia. Tangu vita vya 1991 wasemaji wake wametawanyika: Mombasa, Uingereza, Marekani. Kwa watu kama hao ujumbe wa sauti ndio baraza. Bibi anatuma methali, mtoto aliyezaliwa ughaibuni anauliza maana yake, mjomba anajibu kutoka Mombasa. Mtafiti akija na kinasa chake cha bei mbaya hayapati mazungumzo ya namna hiyo, kwa sababu mtafiti akiwepo watu wanabadilika.

Lakini ujumbe wa sauti wa WhatsApp unabanwa mno, zile sauti za juu zinakatwa, na faili linabaki na jina la tarakimu ambalo halikuambii nani alisema, wapi, kuhusu nini. Simu ikiibiwa bila chelezo, limekwenda. Basi tumia WhatsApp kuuliza, kuchokoza, kugawa. Ukiwa na faili zuri la WAV na ni lazima ulitume kwa WhatsApp, litume kama dokumenti, lisije likapita njia ya ujumbe wa sauti. Hapo linafika kama lilivyo.

Kuandika kilichosemwa

Kunasa ni rahisi. Wanaofanya kazi hii hukadiria kuwa saa moja ya mazungumzo inataka saa arobaini au zaidi za kunukuu, kutafsiri na kuchambua. Ndiyo sababu kuna hifadhi zimejaa rekodi ambazo hakuna aliyezifungua tangu zilipowekwa. Hapa ndipo uchaguzi wa programu unapouma, kwa hiyo nitakaa kidogo.

ELAN inatoka Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi. Ni ya bure, na inakubali Windows, Mac na Linux. Ukifungua rekodi yako unaona wimbi la sauti limelala chini, na chini yake safu tupu. Unaweka alama pale bibi anapoanza sentensi na pale anapomaliza, kisha unaandika alichosema kwenye safu ya kwanza na tafsiri ya Kiswahili kwenye safu ya pili. Wakiongea wawili, kila mmoja ana safu zake. Uzuri wote uko hapo: maandishi yamefungwa kwenye sekunde. Ukibonyeza sentensi, bibi anaisema. Faili lake ni la maandishi ya kawaida ya XML, hata ELAN ikifa kesho mtu atalifungua na kulisoma.

Kasoro yake ni kwamba ELAN haijui lugha. Ukiandika neno hivi leo na vile kesho, haitasema kitu.

FLEx, ya SIL, shirika la kimataifa la lugha, ni kinyume chake. Hiyo inaanzia kwenye neno. Unaingiza *slee*, unaandika "ng'ombe", jinsia yake, wingi wake, mfano wa sentensi. Kisha unaleta hadithi uliyonukuu, na kila neno ulilokwisha kulifafanua linajitokeza na maana yake. Ulilolikosea herufi linaonekana kwa kuwa halitambuliwi. Baada ya miezi una kamusi na una sarufi inaanza kujichora, vyote vimeota kwenye hadithi za bibi mwenyewe, wala si kwenye orodha ya maneno mia mbili iliyotungwa ofisini. Ni ya bure pia, kwa Windows na Linux. Ila ni programu nzito, ina milango mingi, na mtu asiye na wa kumfundisha hukata tamaa wiki ya pili. Nimeona hayo kwa macho yangu, na walioikimbia walikuwa walimu wazuri.

Ya tatu haitajwi sana na naipenda kuliko umaarufu wake: SayMore, ya SIL vilevile, ya Windows. Inakata rekodi vipande vipande, halafu inakuruhusu kurekodi juu ya kila kipande mara mbili. Mara ya kwanza mtu anairudia sentensi polepole, kwa kutamka vizuri. Mara ya pili anaitafsiri kwa mdomo kwa Kiswahili. Hakuna anayeandika herufi hata moja. Fikiria maana yake kwetu: mjomba asiyejua kuandika Kigorowa, maana hatukufundishwa shuleni kukiandika, anaweza kukaa na binti mchana mmoja wakamaliza hadithi ambayo kuiandika kungechukua wiki. Na vipande hivyo vinahifadhiwa kwa umbo la ELAN, kwa hiyo siku akipatikana mwandishi anaendelea palepale.

Nikilinganisha kwa haki: ukitaka mtu asikie na kusoma kwa pamoja, ELAN. Ukitaka kamusi, FLEx, na ukubali kutafuta mwalimu. Ukiwa na wazee wengi, muda mchache na waandishi haba, SayMore. Wengi tunaishia na ELAN na FLEx kwa pamoja, kwani zinapeana mafaili. Lakini anza na moja. Praat ya Chuo Kikuu cha Amsterdam waachie wanaopima sauti kwa milisekunde. Ni hodari, ila binti haihitaji.

Kabla hujaandika neno la kwanza, kubalianeni herufi. Sina nia ya kuanzisha vita ya tahajia, ambayo najua imevunja vikundi. Nasema tu mchague njia moja, muiandike kwenye karatasi, muifuate. Kuna mtego mmoja nitauonyesha kwa karibu. Tahajia ya Kiiraqw inatumia mkwaju, /, kuandika ile sauti ya kooni inayofanana na ain ya Kiarabu. Kwenye sentensi haina shida. Lakini mwalimu mmoja niliyekaa naye Mbulu alitaka kuyaita mafaili yake kwa maneno yaliyomo ndani, na kompyuta ikawa inakataa jina moja baada ya jingine, kwa sababu kwake mkwaju maana yake ni folda. Tulipoteza asubuhi nzima tukidhani kompyuta ni mbovu. Simu nayo ikawa inamsahihisha: akihesabu *wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an*, yeye anaandika tatu, yaani *tam*, simu inaweka "tamu". Zima usahihishaji. Kama lugha yako ina herufi zisizo kwenye simu, weka kibodi ya Keyman, ya bure. Majina ya mafaili yaandike kwa herufi za kawaida na tarakimu tu: msimbo wa lugha (herufi tatu za kimataifa zinazoitambulisha), tarehe, namba. Kigorowa msimbo wake ni gow, Kihadzabe hts, Kisandawe sad, Kisuba sxb. Kwa hiyo gow-2025-03-08-01.wav. Halina mvuto, lakini halipotei.

Kuweka wapi

Hapa uchaguzi ni kati ya mahali panapodumu na mahali panapofikika, na kwa sasa sijaona mahali penye vyote viwili.

Hifadhi kubwa za lugha zipo. ELAR ilianzia chuo cha SOAS, London, na tangu 2021 iko Berlin, kwenye Akademia ya Sayansi ya Berlin-Brandenburg. Humo kuna mkusanyiko wa Kigorowa uliowekwa na mwanaisimu Andrew Harvey. Australia wana PARADISEC tangu 2003, na Nijmegen kwenyewe wana hifadhi yao. Faida yake ni kubwa: wana watu ambao kazi yao ni kuhamisha mafaili kabla hayajaoza, na wanakuruhusu kusema hili liwe wazi kwa wote, lile kwa anayeomba tu. Faili lililoko huko naamini 2050 litakuwepo.

Ila mwambie bibi wa Babati aingie Berlin. Kiingereza, kufungua akaunti, nywila, bando. Wengi wa waliorekodiwa katika lugha zetu ndogo hawajawahi kuisikia tena sauti yao wenyewe. Hilo linaniuma, na sisemi kwa kuwalaumu wenye hifadhi. Ni kwamba kurudisha nakala nyumbani hakukuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

YouTube ni kinyume chake: kila mtu anafika, mjukuu anaona, shangazi wa Muscat anaona. Lakini sauti inabanwa tena, chaneli inaweza kufungwa kwa sababu usiyoijua, na ulichokiweka hadharani hakirudi. Kumbukeni pia kuwa mwishoni mwa 2020 teknolojia ya Flash, iliyoendesha michezo na video kwenye tovuti, ilizimwa, na mafunzo ya lugha yaliyokuwa yamejengwa juu yake duniani kote yakazimika nayo. Waliokuwa wametunza mafaili yao ya asili ya sauti walijenga upya. Ambao hawakutunza hawakuwa na cha kujengea.

Ninachofanya mimi ni nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine (hapo ndipo inapokwenda ile hela iliyobaki), na moja kwenye hifadhi ya mbali, iwe ELAR, chuo kikuu, au hata akaunti ya wingu hadi mpate pa kudumu. Halafu kuna ya nne ambayo siihesabu kama hifadhi lakini ndiyo wanayoipenda: kadi ya memori yenye MP3, inachomekwa kwenye redio ndogo ya bibi. Hapo MP3 ni halali kabisa.

Na ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwao ya 2019, lakini hata bila sheria kuna adabu. Kuna mambo bibi atakwambia wewe kwa kuwa ni mjukuu. Tambiko, dawa, ugomvi wa mashamba, laana ya ukoo fulani. Muulize, kwa lugha anayoielewa, hili likae wapi na nani alisikie, na jibu lake lirekodi lenyewe kwa sauti. Fomu ya kurasa tatu ya Kiingereza yenye dole gumba chini sijui inamlinda nani.

Lugha irudi vipi kwa watu

Hapa nitapita haraka. Kamusi ya FLEx inaweza kugeuzwa kuwa programu ya simu ya Android kwa Dictionary App Builder, ikasambazwa kwa Bluetooth bila intaneti, au ikawekwa mtandaoni kwenye Webonary, tovuti ya kamusi. Kamusi ya simu inawapa vijana fahari ambayo kitabu hakiwapi, hilo nimeliona. Lakini mtoto hajifunzi kuongea kutoka kwenye kamusi. Redio inashinda kamusi hapo. Kisiwani Mfangano, Ziwa Victoria, ambako Kisuba kimekuwa kikimezwa na Kijaluo, redio ya kijamii ya EK FM imepeleka Kisuba hewani, na mtu anakisikia akiparua samaki. Kama wilayani kwenu kuna redio ya kijamii, ombeni nusu saa kwa wiki kabla hamjaomba hela ya programu ya simu.

Kuhusu akili mnemba, vijana wananiuliza kila mara: tuchangie sauti zetu Common Voice ya Mozilla, au Lingua Libre ya Wikimedia Ufaransa? Zote ni kazi nzuri. Lingua Libre inanasa neno mojamoja kwa kasi ya ajabu na kuliweka wazi kwenye Wikimedia Commons. Common Voice inakusanya sentensi zinazosomwa, kwa ajili ya kufundisha mashine kutambua usemi, na Kiswahili kimo tayari. Ila katika Common Voice sauti mnayotoa inaachiliwa bila sharti lolote: yeyote anaichukua, anaifanyia biashara, hakuulizi. Kwa Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji mimi nasema toeni. Kwa lugha ambayo sauti zake zote zinaweza kuingia kwenye flashi moja, kaeni kikao kwanza. Wamaori wa New Zealand walifanya kikao hicho. Kituo chao cha Te Hiku Media mwaka 2018 kilikusanya zaidi ya saa 300 za usomaji wa Kimaori kwa siku kumi, wakatengeneza mashine yao ya kutambua usemi, na data wakakataa kuwapa makampuni ya nje. Wakaandika leseni yao wenyewe, inayosema walio na data hiyo ni walinzi wake kwa niaba ya watu wao. Njia hiyo ni ngumu, inataka wataalamu wa nyumbani. Lakini inawezekana, na kujua kwamba inawezekana kunabadilisha kikao.

Nilichomjibu binti

Nimemwambia asinunue kinasa sauti. Achukue simu yake, maikrofoni ya kubana, programu ya WAV, na diski ya nje. ELAN aipakue sasa akiwa chuoni penye mtandao, aizoee kwa wimbo wowote kabla hajaenda nyumbani. FLEx ataifikia mwakani, na kuna mtu nitamuunganisha naye. Tukipata siku mbili za mjomba wake mwingine, anayekijua Kigorowa cha ndani kuliko mimi, tutatumia SayMore.

Aende Jumamosi asubuhi, ng'ombe wakishatoka na jua halijawa kali, wakae chini ya mti na si ndani chini ya bati. Kwanza aseme mwenyewe tarehe, mahali, jina lake na la bibi, kisha aulize ridhaa. Asianze na "kichwa mnasemaje, mkono mnasemaje", maana bibi atachoka na kujiona yuko darasani. Amuulize siku alipoolewa walikuja na ng'ombe wangapi, na kila mmoja alikuwa wa rangi gani. Yale majina niliyoyapoteza kwenye mvua anayo yeye.

Maikrofoni nimeshaipakia kwenye basi la kesho asubuhi. Aipokee stendi saa nane.